Mwaka nilioacha kuhesabu vitabu

Januari nilijiwekea lengo la vitabu 52, kimoja kila wiki. Kufikia Machi nilikuwa nimemaliza tisa. Rafiki yangu akaniuliza habari za kile cha nne, nikabaki kukodoa macho. Mhusika mkuu simkumbuki jina, mwisho wake siukumbuki. Kumbe nilikuwa nameza bila kutafuna.

Nikaifuta ile orodha. Nikachukua daftari la kawaida na kujipa sharti moja: kitabu hakirudi kwenye rafu mpaka nimenakili kwa mkono sentensi moja iliyonigusa, na chini yake nimeandika kwa nini. Simu nikawa naiacha chumba kingine.

Nilianza na Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Kijitabu chembamba, nikasema jioni mbili zinatosha. Wapi! Ilitoka 1990, na ukiingia humo kutafuta kisa chenye kichwa na mkia utatoka mikono mitupu. Daftarini niliandika: "Uk. 20. Sijaelewa kitu." Nikaiweka kando. Agosti nikairudia, safari hii kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma shairi. Siwezi kudai nimeelewa yote, lakini nililala na picha zake kichwani, jambo ambalo vile tisa vya mwanzo havikunifanyia. Mzingile, iliyoifuata 1991, nimeiwekea akiba ya mwakani.

Anayeanza kusoma sasa hivi nisingempa Nagona hata kidogo. Ningempa Kuli ya Adam Shafi: bandari ya Unguja, Rashidi na wabeba mizigo wenzake, mgomo wa 1948. Siku tatu nilikuwa nimeimaliza.

Kusadikika ya Shaaban Robert niliichukia shuleni, kisa maswali ya mtihani. Niliposoma bila mtu wa kuniambia "taja dhamira tatu", nikamkuta Karama amesimama barazani akijitetea kwa utulivu mbele ya Waziri Majivuno, nikacheka peke yangu. Kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu.

Halafu Peponi. Ndiyo Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022. Nilishawahi kuisoma kwa Kiingereza. Yusuf ana miaka 12, anaondoka na tajiri Aziz akidhani ni ndugu yao, kumbe baba yake amemtoa kwa sababu ya deni. Kwa Kiingereza nilimhurumia, nikafunua ukurasa. Kwa Kiswahili nilikwama hapo hapo, maana neno lililonijia kichwani ni rehani. Rehani mtu huweka saa, huweka shamba. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu nikitafuta sentensi ya kunakili, mwishowe nikaliandika neno hilo peke yake. Sharti langu mwenyewe nimelivunja, na kitabu nimekirudisha kwenye rafu.