Nililipia Kuamshiwa Metaboli Baada ya Hedhi Kukoma

Hedhi yangu ilikoma kabisa nilipokuwa na miaka 51, na katika kipindi hicho kiuno changu kiliongezeka kwa namna ambayo sikuielewa, kwa kuwa niliamini chakula changu ni kilekile. Ushahidi niliupata kwa fundi wangu wa nguo pale Kirumba, ambaye huandika vipimo vya wateja kwenye daftari kwa kalamu ya risasi na hafuti vya zamani. Mwaka 2017 aliandika kiuno sentimita 86. Chini yake, kwa mwandiko uleule, mwaka 2023 aliandika 99. Alizungusha tepu mara ya pili akidhani amekosea, kisha akasema kwa adabu, "Mama, hapa pembeni nitakuachia akiba ya kitambaa."

Wiki hiyohiyo wifi yangu alinipeleka kwa watu wanaouza programu ya miezi mitatu ya "kuamsha metaboli", yaani ile kazi ya mwili ya kugeuza chakula kuwa nguvu. Nilisimama miguu mitupu juu ya mizani ya umeme, nikaambiwa kwamba umri wa metaboli yangu ni miaka 66. Niliogopa sana, nikatuma shilingi 240,000 kwa simu kabla sijafika kituo cha daladala. Nilipewa makopo ya unga wa kukoroga na maji badala ya kifungua kinywa na chakula cha usiku, pakiti za chai ya majani, na nafasi katika kundi la WhatsApp ambamo kila asubuhi tulituma picha ya mizani na picha ya sahani.

Wiki tatu za kwanza nilipungua kilo 4. Nilifurahi, mpaka siku niliposoma kwa makini maandishi madogo kwenye pakiti ya chai na kuona kwamba ndani yake mlikuwa na sena, jani linalotumika kama dawa ya kulainisha choo. Sehemu ya kilo zile ilikuwa maji, wala si mafuta. Sehemu nyingine ilitokana na kula kidogo, kwa maana anayekunywa kikombe cha unga mara mbili kwa siku atapungua tu, metaboli iamshwe isiamshwe. Makopo yalipokwisha nilirudi kwenye chakula changu, na baada ya miezi minne kilo zote nne zilikuwa zimerudi.

Metaboli yangu haikuwa imelala. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliotumia vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, nguvu ambayo mwili unatumia kwa siku hubaki karibu ileile kutoka miaka 20 hadi 60, kwa wanaume na kwa wanawake, na baada ya hapo hushuka polepole kwa kiasi cha asilimia 0.7 kwa mwaka. Hapakuonekana anguko lolote la ghafla katika umri wa kukoma hedhi. Na ile mizani iliyonitisha hupitisha umeme mdogo sana miguuni, ikakadiria mafuta na misuli kutokana na maji yaliyomo mwilini, kisha ikakokotoa hayo mengine yote, haipimi metaboli.

Sisemi kwamba hakuna kinachobadilika, maana fundi hakukosea. Homoni ya estrojeni inaposhuka, mafuta huelekea zaidi tumboni kuliko mapajani, misuli hupungua, na joto la ghafla la usiku hukatiza usingizi, nawe ukiamka umechoka unatafuta kitu kitamu. Mtu anaweza kuongezeka kilo chache tu huku kiuno kikibadilika kabisa.

Je, kulipia programu kunasaidia? Inategemea kinachouzwa. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliohusisha watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuugua. Kundi lililopewa mshauri wa kulifuatilia, lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, lilipunguza hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Hata mimi, katika fedha zote nilizotoa, kilichonifaa ni binti mmoja wa lile kundi la WhatsApp aliyeniuliza kila asubuhi, "Mama, jana ulikula nini?" Ni kwa kumjibu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nakunywa vikombe vinne vya chai ya maziwa kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari.

Sasa hivi natembea alfajiri na majirani wawili kutoka Kitangiri, na jioni nanyanyua madumu mawili ya maji ya lita 5 ili misuli isiendelee kupotea. Sahani yangu ina sato au dagaa, mgagani mwingi na ugali nusu ya ule wa zamani. Mwezi uliopita fundi aliandika 95.

Jambo moja bado linaniuma. Kwenye lile kundi wifi yangu aliambiwa kwamba chai "inasafisha damu", hivyo apumzishe vidonge vya presha. Akaviacha wiki mbili, mpaka kichwa kilipomuuma hadi akashindwa kusimama, tukampeleka hospitali. Bado ananunua unga, nami sigombani naye juu ya unga. Kila siku nikimpigia, swali langu la kwanza ni kama amekunywa vidonge.