Tundu tano chini ya sarafu

Leo alfajiri nilikuwa shambani, nje kidogo ya Masasi, na bunduki yangu ya .22, yaani ya risasi ndogo yenye upana wa kama inchi 0.22. Nyuma ya shabaha kuna kichuguu kipana kinachonizidi kimo. Kwenye majabali sipigi kamwe, risasi hudunda ikaenda isikotakiwa.

Mita 50. Nimelala juu ya gunia, bunduki imeegemea mfuko wa mchanga. Nikapiga tano. Nilipofika kwenye karatasi nikaweka sarafu ya shilingi 200, ikazifunika tundu zote! Nikamwita mjomba aje aone kwa macho yake.

Wengi huidharau bunduki hii. Baruti ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa ganda, si katikati, na kichwa cha risasi kina uzito wa gramu 2.6 tu hivi. Lakini haikusukumi begani, kwa hiyo ukikosa, ni pumzi yako au kidole chako. Au kusi: ikishaanza kuvuma, tundu zote zinahamia upande mmoja.

Halafu kila mtutu na risasi zake. Nimejaribu aina tatu. Mbili zilitawanya vibaya, ya tatu ndiyo hii ya leo. Nimeweka akiba.

Mjomba anataka niwapige ngedere wanaomaliza mabibo. Nikamwambia, "Hapana mjomba, leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda." Akaguna, akaendelea kupalilia.

Karatasi nimeibandika ukutani, juu ya mtungi.