Minazi Kumi ya Shangazi

Babu alipofariki mwaka 2011 aliacha nyumba ya mawe mtaa wa Langoni hapa Lamu, shamba la minazi 80 upande wa Kipungani, na karatasi moja iliyokunjwa mara nne ndani ya kasha la nyanya. Karatasi hiyo ilisomwa baada ya hitima ya arubaini, wanaume tukiwa juu ya mkeka na wanawake nyuma ya pazia. Babu aliiandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na chini yake palikuwa na sahihi ya shahidi mmoja na dole gumba la shahidi wa pili. Mali yote aliigawa kwa nyanya, kwa babangu na ami yangu, na kwa shangazi zangu wawili wadogo. Jina la shangazi mkubwa halikuwamo.

Shangazi mkubwa ni mtoto wa mke wa kwanza wa babu, aliyeachwa na kurudi kwao Malindi akiwa na binti mdogo wa kumbeba mgongoni. Binti alikulia huko, akaolewa huko, na katika miaka ya mwisho yeye na babu walikuwa hawasemezani. Wote waliokuwa pale ukumbini walijua kwamba yu hai. Ami alisema kwamba maneno ya maiti hayavunjwi, na babangu, ambaye ni mkubwa kwake, alinyamaza. Namtaja babangu kwa sababu ukimya wake ndio uliokaribia kumnyima dada yake haki, zaidi ya karatasi yenyewe.

Aliyesema ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani, mzee aliyekuwa akisali na babu. Aliuliza kwa upole: «Na yule binti wa Malindi, je, amekubali?» Kisha akatukumbusha jambo ambalo sote tulilisoma utotoni tukalisahau pale mali ilipotukaribia: hadithi ya Mtume isemayo kwamba Mwenyezi Mungu amempa kila mwenye haki haki yake, basi hakuna wasia kwa mrithi. Mafungu ya warithi yametajwa katika Surat an-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176, na baba hana mamlaka ya kuyafuta kwa kalamu. Anachoweza kuusia ni hadi theluthi moja ya kilichobaki baada ya mazishi na madeni, tena kwa mtu asiyemrithi. Akimuusia mrithi, wasia huo haupiti ila warithi wengine waridhie, na ridhaa inayozingatiwa ni ile inayotolewa baada ya kifo, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyerithi kitu cha kukisamehe.

Mwalimu akaomba kalamu. Mke akiwa na watoto wa marehemu hupata thumuni, yaani fungu moja kati ya manane. Saba yanayobaki ni ya watoto, mwanamume akipata mafungu mawili ya mwanamke, na kwetu palikuwa na wana wawili na mabinti watatu. Hesabu ililingana bila kubakisha kitu: nyanya fungu moja, babangu mawili, ami mawili, na kila shangazi moja. Kwa minazi 80, fungu moja ni minazi kumi. Kuachwa kwa mamake hakukumpunguzia shangazi mkubwa hata mnazi mmoja, kwani talaka hukata urithi baina ya mume na mke, haikati baina ya baba na mwanawe.

Usiku ule nilirudia hesabu peke yangu, mara hii bila ya shangazi mkubwa, nikitaka kujua ni nini hasa tulichokuwa tukikipigania. Ami, ambaye kwa haki alikuwa na minazi 20, angepata 23 na theluthi ya mmoja. Babangu vivyo hivyo. Kila shangazi mdogo angeongezewa mmoja na theluthi mbili. Kwa minazi mitatu na kipande, dada yao wa damu alikuwa afanywe kana kwamba hakuzaliwa.

Na katika hesabu hiyo yupo mwengine aliyeniuma. Babu alikuwa na mtoto wa tatu wa kiume, aliyefariki kabla yake na kuacha kijana yatima. Mjukuu huyo hakurithi, kwa sababu ami zake wapo na wanamzuia. Theluthi ya wasia imewekwa kwa mtu kama yeye. Babu alikaa akaandika ukurasa mzima kuwapa warithi kile ambacho wangekipata hata asingeandika neno, na yatima, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kufikiwa, hakumwandikia kitu. Nampenda babu na namwombea, lakini hilo ninaliona kuwa kosa kubwa kuliko la shangazi, kwa sababu la shangazi lilirekebishika.

Tangu hapo watu wa mtaani huniuliza habari za wasia, nami huwaambia waiogope zaidi orodha ya warithi. Anayekwenda Mahakama ya Kadhi kufungua mirathi huenda na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja warithi, na chifu huandika wale aliotajiwa. Jina lisilotajwa pale halipewi fungu, na mwenyewe akiwa Malindi au Ughaibuni huenda asisikie mpaka shamba limeuzwa. Sheria ya Urithi ya Kenya inaruhusu hati ya usimamizi, ile inayompa mtu mamlaka juu ya mali ya marehemu, ifutwe ikiwa ilipatikana kwa kuficha jambo la msingi, lakini kufuta ni kazi ya miaka, na kumtaja mtu ni kazi ya dakika moja.

Hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, ni mlango mwengine. Hapa Lamu ni mila ya zamani baba kumpa binti nyumba anapoolewa, na alichokitoa akiwa mzima, kikapokelewa, si mirathi tena. Kikitolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Hata hivyo Mtume alikataa kumshuhudilia sahaba wake Bashir alipompa hiba mwanawe Nu'man peke yake, akamuuliza kama wanawe wote aliwapa mfano wake.

Mwenzangu kazini, Mkristo wa Mpeketoni, alishangaa kwamba baba Mwislamu hana hiari ya kumwacha nje mrithi. Kwao kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi kinampa mtu mzima mwenye akili timamu uhuru wa kuusia mali yake atakavyo. Hata hivyo kifungu cha 26 kinamruhusu mke au mtoto aliyeachwa nje kuiomba mahakama imtengee kiasi kinachofaa, mradi aombe kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, jambo ambalo kwa kawaida hufanyika baada ya miezi sita. Hakimu huangalia mahitaji yake, alichopewa na baba alipokuwa hai, na hata sababu za kumwacha. Kwetu sababu haiulizwi, kwa kuwa fungu halikutoka kwa baba.

Babangu alimpigia dada yake simu siku ya tatu baada ya karatasi kusomwa. Alikuja kwa basi hadi Mokowe, akavuka kwa boti, na mgao ukaandikwa mbele ya Kadhi kwa majina yote sita. Kule shambani mafungu yalipigiwa kura, na mkwezi akachonga alama ya panga kwenye minazi kumi ya shangazi, saba karibu na kisima na mitatu ukingoni. Yeye alipita akiishika mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti, na alipofika wa kumi akamwita yule yatima, akamwambia kwamba nazi za huo ni zake kila anguo. Karatasi ya babu imo kashani hadi leo. Ami hakuichana, na shangazi hakuomba ichanwe.