Gia ya tano imenitesa njia ya Muheza

Jana natoka Muheza narudi Tanga mjini, gari limejaa machungwa, gia ya tano ikawa haiingii bila kukwaruza. Ikiingia, inachomoka yenyewe. Leo fundi kafungua nati ya chini ya giaboksi: oili nyeusi, inametameta vumbi la shaba. Ni zile pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia, zimekwisha, na meno ya kushikia yameliwa. Kumbe miaka yote tulikuwa tunaweka oili ya difu (gia za ekseli), daraja la GL-5, badala ya oili ya giaboksi hili, GL-4. Salfa ya GL-5 ikipata joto inaweza kula shaba. Na mzigo mzito ule kwenye gia ya tano, injini inagugumia! Jamani, rudini ya nne. Roho inaniuma, gari hili aliniachia marehemu baba.