Mpira wa stelingi ulivuja mara tatu, ugonjwa ulikuwa kwingine

Doa la kwanza lilikuwa jekundu, dogo kama kizibo cha soda. Corolla yangu ni ya zile 110, otomatiki, na gia boksi yake, kama stelingi, hutumia ATF nyekundu, yaani oili ya gia otomatiki, kwa hiyo usiku ule usingizi ulikuja kwa shida. Asubuhi nikaiwasha mpaka ikapata moto, nikavuta stiki ya gia boksi. Kipimo kilikuwa sawa. Nikafungua kikopo cha stelingi, oili imeshuka chini ya mstari. Nilishusha pumzi.

Fundi wa mtaani kwetu Kimara alikuta mpira unaotoka kwenye pampu ya stelingi kwenda stelingi raki, kile chombo cha chini kinachogeuza tairi, umelowa. Akaukata, akaunga kipande cha mpira wa petroli, akakaza klipu mbili kila upande. "Dada, hapa tayari." Siku ya pili natoka kwenye maegesho, nimekata usukani wote, pampu ikaanza kulia, usukani ukawa mzito ghafla, na oili yote iko chini.

Simlaumu sana kijana yule, maana macho yanadanganya. Pale mbele kuna mipira miwili inayofanana. Mmoja unarudisha oili kwenye kikopo, presha yake ndogo, na hata kiwandani umefungwa kwa klipu ya kawaida. Wa pili ndio unaobeba kazi. Tairi langu najaza psi 30; mpira wa presha, usukani ukifika mwisho, unaweza kubeba zaidi ya psi 1,000. Hakuna klipu ya kushindana na nguvu hiyo. Ndiyo maana ncha zake huvalishwa kikombe cha chuma kinachominywa kwa mashine mpaka chuma na mpira vishikane.

Tena presha hiyo haipo muda wote. Francis W. Davis, injinia Mmarekani aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya magari ya Pierce-Arrow, alilifikiria jambo hili miaka ya 1920: oili izunguke bila kuzuiwa usukani ukiwa umenyooka, presha ipande pale tu dereva anapokata. Chrysler Imperial ya 1951 ikawa gari la abiria la kwanza kuuzwa likiwa na pawa stelingi, na Corolla yangu inafuata wazo lile lile. Nilipolielewa hili ndipo nikajua kwa nini doa sikulikuta baada ya kunyoosha Morogoro Road, bali kila nilipogeuza gari uani.

Basi nikaenda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Kariakoo, nikanunua mpira wa mtumba wa gari kama langu. Ukakaa miezi mitatu, ukavuja. Mahali pale pale.

Hapo niliacha kununua, nikaanza kutafuta. Niliosha eneo lote kwa maji ya sabuni, nikakausha, nikapaka poda ya mtoto kwenye mpira wote na maungio yake. Mdogo wangu akawasha gari na kuzungusha usukani kushoto na kulia, mimi namulika tochi kutoka pembeni. Vidole sikupeleka kabisa. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa inaweza kupenya ngozi, na jeraha lake ni la kukimbiza hospitali hata likionekana dogo. Niliangalia pia vipira viwili vyembamba vya hewa kwenye pampu. Toyota nyingi za zamani zinavyo, kazi yake ni kupandisha kidogo sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, pampu inapoelemewa. Vali yake ikifa, injini hunywa oili ya stelingi: kikopo kinapungua, chini pakavu, ekzosi inatoa moshi mweupe. Vyangu vilikuwa vikavu. Poda iligeuka nyekundu shingoni mwa kile kikombe cha chuma, upande wa juu peke yake.

Niliuchomoa, nikampelekea mzee mmoja anayebana mipira ya mitambo. Aliugeuzageuza, akaniambia, "Huu haujachakaa, mwanangu. Huu umevutwa." Akaniuliza kama nimeangalia mauntini za injini, yaani raba zinazoishikilia.

Swali hilo ndilo lililonifungua macho. Mabomba yote mawili, la pampu na la raki, ni ya chuma. Kwa nini basi katikati waweke mpira, wakati chuma kingestahimili presha vizuri zaidi? Kwa sababu pampu imefungwa kwenye injini, na injini imekaa juu ya raba, inacheza. Raki imefungwa chini kwenye bodi, haichezi. Mpira upo ili kumeza tofauti hiyo, na pia kupunguza mapigo ya pampu yasifike mkononi kwa dereva. Umepewa urefu wa kutosha mchezo wa kawaida. Raba za injini zikikatika, mchezo unazidi urefu huo, na kila ukiondoka kwenye taa unaung'oa mpira kwenye kikombe chake, kidogo kidogo.

Tukafanya jaribio, boneti wazi na watu wote wamesimama pembeni: hendibreki juu, mguu kwenye breki, gia D, mafuta kidogo, kisha R. Injini iliinuka kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mauntini ya mbele ilikuwa imechanika vipande viwili.

Nilibadilisha mauntini kwanza. Mzee akabana mpira mpya wa presha kwenye ncha zangu za zamani, na kwenye maungio nikaweka washa (pete za kuzibia) mpya za shaba, kwa sababu ya zamani imeshalala na haizibi vizuri mara ya pili. Kutoa hewa usifanye haraka. Tulinyanyua tairi za mbele kwa jeki, tukaweka stendi, na injini ikiwa imezimwa tukazungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho huku tukiongeza oili, mpaka mapovu yakaisha. Ndipo tukawasha. Ukiwasha mapema pampu inakoroga hewa na oili, rangi inageuka kama maziwa, na kelele haziishi.

Poda nilipaka tena siku ile ile. Huu ni mwezi wa nane tangu hapo, nikifungua boneti naikuta imeshika vumbi, ila haijalowa.