Vile nilipata skolashipu ya seminari nikiwa hapa hapa Malindi

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, na Kiswahili, naishi Maweni. Nimeulizwa sana kanisani hii skolashipu nimeipataje, sasa wacha nieleze yote mara moja.

Mara ya kwanza nilikosa. Niliomba seminari moja ya Marekani, masters ya Agano Jipya ya miaka miwili, na esei yangu yote ilikuwa shida tupu, baba alivyofariki, karo ya wadogo zangu, mshahara hautoshi. Na ni kweli tupu, sikudanganya neno. Lakini ile skolashipu ilikuwa ya meriti, yaani wanapima uwezo wako wa kusoma na kufikiri, ya wenye shida iko kando na ina fomu zake. Mimi sikujua kama ni vitu viwili. Wao walitaka kuona gredi za digrii, barua za walimu walonifundisha, na maandishi ya kitaaluma ya kurasa kama kumi hivi, na hizo kurasa ndizo nilizozipuuza, nikatuma kazi ya zamani ya chuo ambayo hata mimi mwenyewe siipendi.

Mwaka uliofuata nikasema hapana, nitaandika kitu ninachokijua.

Sasa kuna mama mmoja huku Shella nanunua kwake mahamri na mbaazi kila Jumamosi, ni Muislamu, ni kama mama yangu mzazi. Siku hiyo alikuwa anakata donge pembe nne, kisu chake mpini umefungwa kipande cha mpira, mafuta yanachemka, nikamuuliza tu, Mama, toba ni nini? Hakuinua hata macho. Akasema, "Toba ni kurudi, mwanangu. Mtu alopotea akirudi kwao, huyo ndo ametubu."

Nilienda nyumbani mbio nikafungua Biblia yangu ya Union Version, ile ya 1952, Mathayo 3:2, "Tubuni, kwa maana ufalme wa mbinguni umekaribia." Ni neno lile lile analolitumia yule mama! Toba tumeipata kwa Kiarabu, tawba, na mzizi wake ni kurudi kweli. Kiyunani cha Agano Jipya kinasema metanoia, hiyo ni kugeuza nia. Lakini manabii kwa Kiebrania walisema shuv, na shuv ni kurudi. Yaani Kiswahili chetu cha pwani hapo kimekaa karibu na Isaya na Yeremia kuliko hata Kiyunani, na mwana mpotevu wa Luka 15 ukimsoma na hilo neno kichwani unamuona barabarani kabisa anarudi kwa babake. Nililia nikiandika, sioni haya kusema.

Kurasa kumi na mbili, usiku tu, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mchungaji wetu akanisomea mara mbili.

Makaratasi ndo yalinisumbua. Chuo nilichosomea kilikaa na transkripti yangu, ile karatasi ya gredi zote, wiki sita, mpaka nikapanda basi la usiku nikaenda Nairobi kusimama dirishani mwenyewe. Na angalieni saa jamani, dedilaini ilikuwa saa sita kasoro dakika moja usiku, lakini ni saa za kwao mashariki ya Marekani, na Januari sisi tuko mbele yao saa nane, kwa hiyo kwangu ilikuwa saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Nilituma saa kumi na moja alfajiri kwa bando za simu, saiba zote zimefungwa.

Jibu lilikuja Machi. Wamelipia karo yote. Kwenye barua mmoja wa walimu wao ametaja toba.

Lakini ijulikane, karo si kila kitu. Nauli ni yangu, bima ni yangu, chakula pia, na kabla wakupe ile I-20, fomu ya chuo ya kuombea viza, lazima uonyeshe pesa za matumizi ziko, halafu kuna ada ya SEVIS, ule mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, dola 350 kando na ya viza yenyewe. Kanisa limeshafanya harambee mara moja, ya pili ni mwezi ujao. Na skolashipu yenyewe wanaiangalia upya kila mwaka, GPA, yaani wastani wa gredi, ikishuka chini ya kiwango walichoandika kwenye barua inaondoka, kwa hivyo nishaanza Kiyunani saa hizi, kila alfajiri kabla ya kwenda shule nafanya vitenzi kumi. Yule mama nilimpelekea habari siku ile ile, akanifungia mahamri ya bure kwenye gazeti, akataka kujua huko kuna baridi kiasi gani.