Tunasoma kila kitu kama riwaya

Kuna swali moja naona linatuharibia usomaji, nalo ni "halafu ikawaje?" Kwenye riwaya swali hilo ni halali kabisa, mwandishi mwenyewe kakutegea ulifuate mpaka saa nane usiku wakati kesho una kazi. Shida ni kwamba tukishalizoea tunahama nalo, tunaingia nalo kwenye kitabu cha ndege na misitu, tunaingia nalo kwenye kitabu cha usanifu wa majengo, tukikuta huko hakuna aliyesalitiwa wala aliyetoroshwa tunafunga kitabu tunasema kinaboa.

Wasikilize tu watu wakiongelea vitabu. Riwaya mtu anakusimulia kwa hasira, "yaani yule dada mjinga sana, bahasha kaiona pale mezani, kwa nini hakuifungua?", anamsema mhusika kama anavyomsema shemeji yake. Kitabu cha mazingira ya asili anakwambia "aisee kimeandikwa vizuri sana", na mtu akishakwambia hivyo halafu akanyamaza jua hajakimaliza. Cha majengo je? "Kina picha nzuri." Basi, imeisha hiyo. Mwandishi kakaa miaka anafikiria kwa nini watu wanapenda kukaa kona hii ya chumba na sio ile, jibu analopata ni kwamba kina picha nzuri.

Sisemi kupenda stori ni ujinga, mimi mwenyewe napenda na naelewa kwa nini inashinda. Desemba 1893 Arthur Conan Doyle alichoka na Sherlock Holmes, yule mpelelezi wake wa hadithini, akaamua kumuua, akamtupa kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi na hadithi ikatoka kwenye jarida la The Strand. Wasomaji walichachamaa. Inatajwa zaidi ya 20,000 walikatisha usajili wao wa jarida, na Doyle mwenyewe baadaye alisimulia kwamba mama mmoja alimwandikia barua inayoanza kwa kumwita mnyama. Yote haya kwa ajili ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa! Doyle alikaza kwa miaka kadhaa, 1901 akaanza kutoa hadithi ya Holmes iliyotokea kabla ya kile kifo, 1903 akasalimu amri akamrudisha kabisa, eti hakufa. Sasa nitajie mwandishi wa kitabu cha kuvu na majani makavu ambaye aliwahi kuitwa mnyama kwa sababu sura ya kuvu imeisha.

Ila wapo waandishi wa mazingira waliotamani mapenzi ya namna hiyo, wakayapata, yakawatokea puani. Mwishoni mwa karne ya 19 kule Marekani vitabu vya wanyama vilishika soko vibaya sana. Ernest Thompson Seton alitoa chake 1898, mbwamwitu na kware na sungura wana majina, wanapenda, wanahuzunika, wanakufa kishujaa, na watu wakavisoma vilevile kama riwaya. Akaja mchungaji mmoja William J. Long, huyu akaandika kwamba alimwona kwa macho yake ndege wa msituni, wale wenye mdomo mrefu wa kuchokonolea matope, mguu umevunjika, ndege akachukua udongo laini akaupaka kwenye mguu, akachanganya na nyuzi za nyasi, akaongeza udongo tena, halafu akatulia kwa mguu mmoja akisubiri ukauke. Yaani ndege kajifunga plasta mwenyewe.

1903 mzee John Burroughs, aliyekuwa keshaandika kuhusu ndege na misitu kwa miaka mingi, akatoa makala kwenye jarida la Atlantic Monthly akiwaita hao jamaa waongo, sio kwa kuzunguka, waziwazi. Malumbano yakaenda miaka, Long akapata watetezi wake, mpaka 1907 Rais Theodore Roosevelt mwenyewe akaingia hadharani upande wa Burroughs. Hebu fikiria, rais wa nchi anaacha mafaili mezani anabishania mguu wa ndege. Na mimi kwenye mguu nipo na Burroughs, hilo halina mjadala, lakini msomaji aliyelipenda lile ndege lenye plasta namwelewa pia, kwa sababu hakuwa anauliza kama ni kweli, alikuwa anauliza je lilipona.

Rachel Carson, mwanabiolojia wa Marekani, naona ndiye aliyelitatua hili tatizo kwa akili kuliko wote. Kitabu chake cha 1962 kuhusu sumu za kuulia wadudu ni sayansi tupu, majina ya kemikali, mito, udongo, maini ya samaki, vitu ambavyo msomaji wa riwaya anavikimbia mchana kweupe. Alichofanya akaanza na hadithi fupi, kurasa chache tu, mji mmoja mzuri ambao mambo yanaanza kuharibika, kuku wanataga mayai hayaanguliwi, matunda hayashiki, majira ya kuchipua yanafika hakuna ndege hata mmoja anayelia. Halafu anakwambia hapohapo bila kukuficha kwamba mji huo haupo, ila kila kimoja kati ya hayo majanga kimeshatokea mahali fulani. Ukishafika hapo umeshanasa, unataka kujua nani kaua ndege, na jibu ndo hizo kurasa zote za sayansi zinazofuata. Maadui zake walielewa nguvu ilipo, maana Monsanto, kampuni ya kemikali, hawakuishia kujibu kwa takwimu, mwaka huohuo walitoa hadithi ya kuiga ile yake, nchi isiyo na dawa za wadudu, wadudu wanakula kila kitu. Stori kwa stori. Matumizi mengi ya DDT, mojawapo ya sumu alizozisema humo, yakapigwa marufuku Marekani 1972, Carson mwenyewe alikuwa keshafariki tangu 1964.

Mi napenda kununua vitabu vilivyotumika kwa sababu moja ya umbea, napenda kuona aliyenitangulia kaandika nini pembeni. Ndo utajua watu wanasoma vipi wakiwa peke yao. Nina riwaya ambayo mtu kaandika MUONGO pembeni ya maneno ya mchumba, kakandamiza kalamu mpaka imetoboa karatasi upande wa pili. Nina kitabu cha mito ambacho mistari ya penseli imejaa kurasa za mwanzo, kisha inapungua, inapungua, inakata kabisa, nikajua huyu kashindwa kama wengine. Kumbe mbele sana huko, kwenye aya moja ya ndege anayepiga mbizi kuvua samaki, penseli imerudi kwa maneno mawili tu, "nimemwona". Hajaandika nzuri, hajaandika mbaya. Kaweka kitabu chini muda fulani, katoka, karudi kutoa ushahidi. Hilo ndo jibu halisi la kitabu cha mazingira nadhani, na huwezi kulipata ukikimbilia mwisho, kwa sababu linatokea nje ya kitabu, mtu ameshakifunga.

Na kuna kitabu cha ramani za nyumba ambacho aliyenitangulia kachora kitanda chake ndani ya ramani ya mtu mwingine. Kitanda, kabati, mlango wa kabati ukiwa wazi. Anapima kama angetosha kuishi humo! Nyumba yenyewe ipo nchi nyingine na ina mwenyewe, lakini yeye keshahamia. Gaston Bachelard, yule Mfaransa aliyeandika kuhusu nyumba na ndoto, anasema msomaji akisoma habari za chumba huwa anaacha kusoma, anaanza kuwaza chumba alichowahi kuishi yeye. Nakubaliana naye kabisa, na ndo maana naona hawa wasomaji wa "kina picha nzuri" tunawaonea kidogo, pengine wenzetu wanasoma kweli ila wameinua macho.

Sasa kesi inayonifurahisha kuliko zote ni ya Victor Hugo, kwa sababu hapo riwaya na jengo vimegongana uso kwa uso. Machi 1831 alitoa riwaya yake ya Notre-Dame, lile kanisa kuu la Paris, wakati kanisa lenyewe liko hoi, Mapinduzi ya Ufaransa yamepita nalo, sanamu za wafalme zilizokuwa mbele zilishakatwa vichwa 1793, na waliokuwa wanafanya ukarabati Hugo aliona nao ni waharibifu tu. Hugo alitaka watu walitazame lile jengo. Kwa hiyo katikati ya stori, msichana na kengele na padri mwenye roho mbaya, jamaa anasimama. Anasimama kabisa. Anakupa sura nzima ya maelezo ya kanisa jiwe kwa jiwe, halafu nyingine ndefu zaidi ya jiji la Paris lilivyoonekana kutoka juu ya minara, mitaa, kuta, mapaa, hakuna mtu anayetembea humo ndani. Kila ninayemjua aliyesoma riwaya hiyo karuka hapo, na wanasema kwa kujiamini tu.

Na Hugo alijua mtaruka. Toleo la 1832 aliongeza sura tatu, akadai zilipotea ndo maana hazikuwemo mwanzo, na akaandika kwamba anayetafuta hadithi peke yake hajapungukiwa na kitu bila hizo. Mojawapo ni ile anayosema kitabu kitaua jengo, yaani zamani binadamu akiwa na wazo kubwa alilijenga kwa mawe, ilipokuja mashine ya kuchapa wazo likahamia kwenye karatasi na majengo yakabaki na kazi ndogo. Fikra nzito hiyo, kaificha mahali ambapo anajua wengi hawatafika.

Kilichotokea sasa ni kwamba watu walimpenda Quasimodo, yule mpiga kengele mwenye kibyongo kwenye riwaya, wakalipenda kanisa lake, kelele za kulitengeneza zikapanda, 1844 kazi wakapewa wasanifu Lassus na Viollet-le-Duc na ukarabati ukaenda mpaka 1864. Kitabu kilichosema kitaua jengo kikaliokoa, tena kupitia wasomaji walioruka kurasa za jengo! Na kuna kitu kingine watu hawakitaji sana. Tarehe 15 Aprili 2019 kanisa lilipoungua tukaona ule mnara mwembamba wa juu ya paa unakatika na kuanguka mbele ya kamera, watu wanalia barabarani, riwaya ikapanda kileleni kwenye mauzo ya Amazon Ufaransa, lakini mnara ule Hugo hakuwa nao wakati anaandika. Wa zamani ulishatolewa mwishoni mwa karne ya 18, huu aliujenga Viollet-le-Duc kwenye ule ukarabati. Kwa maana nyingine walioulilia walikuwa wanalilia kitu ambacho wasomaji wa kabla yao walichangia kukisimamisha.

Thoreau pia ningeweza kumsema, yule mwandishi wa Marekani aliyeenda kukaa kando ya bwawa akajenga kibanda cha futi 10 kwa 15 na kitabuni akaorodhesha gharama mpaka nusu senti, dola 28.12½, na wasomaji wakajibu kwa kupeleka mawe pale kilipokuwa, tangu 1872 mpaka leo lipo rundo. Watu wanabeba jiwe kwa mkono kwa ajili ya kibanda. Lakini nataka nimalizie na kitabu ambacho hakina stori hata ya kuonjea.

Christopher Alexander na wenzake walitoa 1977 kitabu chao kikubwa chenye vipengele 253, kila kipengele ni tatizo la mji au nyumba na jibu lake. Kinaanza na mikoa, kinashuka kwenye mitaa, nyumba, vyumba, mpaka vitu vya kutundika ukutani. Ukikisoma kama riwaya utalia. Ukikisoma kidogokidogo kinakuharibu macho. Kuna kipengele kinasema balkoni yenye kina chini ya futi sita, kama mita 1.8, haitumiki, kwa sababu watu hawawezi kukaa wakatazamana na meza ikatosha, na tangu nilipokisoma sipiti chini ya ghorofa bila kuinua kichwa, naona ndoo, naona nguo, naona baiskeli mbovu, mtu hayupo. Ni kweli bwana. Wasanifu wengi kitabu hicho hawakukipa uzito, unajua nani walikidaka? Madevelopa wa kompyuta. 1987 Kent Beck na Ward Cunningham wakajaribu njia yake kwenye programu za kompyuta, 1994 kikatoka kitabu maarufu cha waandishi wanne kilichofuata mtindo huohuo, na 1995 Cunningham akatengeneza wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaweza kuihariri, ili watu wakusanye hizo mbinu, na hapo ndo ukoo wa Wikipedia ulipoanzia. Yaani kitabu cha nyumba wasomaji wake watiifu kuliko wote ni watu ambao hawajawahi kujenga hata choo.

Kitu ninachokipenda zaidi humo ni nyota. Kila kipengele kina nyota mbili, moja, au hakina, na wameeleza mwanzoni, mbili maana yake tuna uhakika, moja tunaamini ila pana nafasi ya kuboresha, bila nyota tunajua kuna majibu mengine. Sijaona mwandishi wa riwaya akithubutu hivyo, akuwekee nyota kwenye sura anayoiamini na aiache wazi ile aliyoiandika kwa sababu mhariri kasisitiza, na yule mchungaji Long angeiwekea nyota stori yake ya ndege mwenye plasta angetusaidia sana. Kuna kipengele cha mwanga, kinasema watu hukimbilia vyumba vinavyopata mwanga wa nje kutoka pande mbili na vile vya upande mmoja huvikwepa bila hata kujua kwa nini. Hicho kina nyota mbili. Chumba ninachoandikia hapa kina dirisha moja, nyuma ya kabati.